Maswali Yenu kwa Daktari: Namba Zinazoandikwa kwenye Faili la Majeruhi

SWALI: Ndugu Daktari, mdogo wangu mwenye umri wa miaka 27 aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda, akaumia kichwa na kuvunjika paja. Mapokezi waliandika kwenye faili lake "GCS 7/15" na chini yake "KTS 11". Shangazi alimsikia muuguzi akimwambia mwenzake kwamba wa saba huwa harudi, na jioni ileile baadhi ya ndugu wakaanza kuulizana nani apigiwe simu kijijini. Leo mdogo wangu anatembea kwa magongo na anatudai pesa zake. Je, namba zile zilikosewa? Na kwa nini moja ilionekana mbaya sana, ilhali nyingine tuliambiwa ni ya wastani?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Poleni kwa mlivyohangaika, na hongereni kwa kurudishiwa kijana wenu. Kwa maelezo uliyotoa, sioni sababu ya kudhani kwamba namba zilikosewa. Kilichokosewa ni jinsi zilivyosomwa.

Herufi GCS ni za kipimo cha fahamu kilichotungwa mjini Glasgow, Uskoti, na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Mgonjwa hupewa alama kwa kufungua macho (hadi 4), kwa kusema (hadi 5) na kwa kusogeza viungo (hadi 6). Kila sehemu huanzia 1, na kwa hiyo hata aliyezimia kabisa hupata 3. Kuanzia 8 kushuka, jeraha la kichwa huhesabiwa kuwa kali. Lakini saba moja si sawa na saba nyingine. Mtu asiyefungua macho (1), anayeguna tu bila maneno (2), lakini anauvuta mkono akifinywa (4), amepata saba. Mwingine aliyefungua macho alipofinywa (2), akaguna (2), huku mikono ikijikunja isivyo kawaida (3), naye amepata saba, ingawa wa kwanza ana matumaini zaidi, kwa kuwa sehemu ya viungo ndiyo inayobashiri vizuri kuliko nyingine. Ndiyo maana napenda kuona sehemu zote tatu zimeandikwa, wala si jumla peke yake.

KTS ni Alama za Majeruhi za Kampala, zilizotungwa nchini Uganda na Olive Kobusingye na Ronald Lett mwishoni mwa miaka ya 1990, zikakusudiwa hospitali ambazo hazina mashine nyingi. Huangalia mambo matano: umri, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, fahamu na idadi ya majeraha makubwa. Jumla huwa kati ya 5 na 16; kuanzia 14 ni hali nafuu, 11 hadi 13 ni wastani, na 10 kushuka ni hali mbaya. Alama 11 za mdogo wako huenda zilipatikana hivi: umri 2, shinikizo lililokuwa bado limesimama 4, pumzi za haraka kuanzia 30 kwa dakika 2, kuitikia maumivu tu 2, majeraha makubwa mawili 1. Unaona kwamba fahamu imepewa alama 4 tu kati ya 16. Mtu aliyeumia kichwa huku damu yake ikizunguka vizuri anaweza kuonekana nafuu kuliko alivyo, na hapo mimi huamini zaidi kipimo cha Glasgow.

Ama kuhusu "huwa harudi", alama hizi zilipimwa kwa kuhesabu makundi ya watu, yaani kati ya wote waliofika wakiwa na alama fulani, ni wangapi waliotoka hai. Hesabu hiyo haisemi ndugu yako yumo katika fungu lipi. Tena saba ya mlangoni, kabla ya hewa ya oksijeni na dripu, na pengine kukiwa na pombe mwilini, inaweza kuwa kumi kabla ya alfajiri, na ndiyo maana hupimwa tena na tena. Ninachokihofia zaidi ni muuguzi aliyekata tamaa kwa sababu ya namba, akachelewa kumfyonza mgonjwa makohozi, kisha mgonjwa akafa na namba ikaonekana ilisema kweli.

SWALI: Mimi ni afisa tabibu katika hospitali ya wilaya isiyo na CT-skani (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili). Nimeshauriwa nitumie ISS, yaani alama za ukali wa majeraha, kwa majeruhi wote ili tujue nani wa kupewa rufaa. Je, inafaa?
*Msomaji, Kigoma*

JIBU: Kwa kuamua rufaa, hapana. ISS, iliyotungwa na Susan Baker na wenzake mwaka 1974, huhitaji kila jeraha lipewe daraja la ukali. Kisha huchukuliwa sehemu tatu za mwili zilizoumia zaidi, daraja la kila moja likazidishwa kwa lenyewe na majibu yakajumlishwa. Ini lililopasuka daraja la 4, paja la 3 na kichwa cha 3 ni 16 na 9 na 9, jumla 34. Na zaidi ya 15 huitwa majeraha makubwa. Lakini daraja la ini utalijuaje kabla ya picha au upasuaji? Kwako wewe bandama iliyopasuka itahesabiwa kuwa tumbo linalouma, na alama itatoka ndogo kwa sababu uchunguzi ulikuwa mdogo.

Faida yake huja baadaye, kwenye kikao cha kujadili vifo. Mwaka 1987 ilichapishwa TRISS, hesabu inayounganisha ISS, hali ya mgonjwa alipofika, umri, na kama aligongwa au alichomwa na kitu chenye ncha, ili kupata uwezekano wa kupona. Mgonjwa aliyetazamiwa kupona akafa ndiye ambaye faili lake linapaswa kufunguliwa kwanza. Kumbuka tu kwamba uzito wa hesabu hiyo ulitokana na majeruhi wa Amerika Kaskazini, waliofikishwa kwa gari la wagonjwa, si kwenye kiti cha nyuma cha teksi.

Mlangoni tumia KTS, ambayo imetumika pia katika tafiti za hospitali ya Bugando, Mwanza. Ila naomba jambo moja: hesabu pumzi kwa dakika nzima. Nimesoma mafaili mengi ambamo kila mgonjwa, awe anahema au anakoroma, ana pumzi 20.

SWALI: Mtoto wa miaka 3 naye apimwe kwa alama hizohizo?
*Mama, Tanga*

JIBU: Kwa uangalifu mkubwa. Chukua mtoto aliyeanguka kitandani bila kuumia, mwenye pumzi 32 na shinikizo la 86, ambavyo si ajabu kwa umri wake. Katika Alama za Kampala atakatwa alama kwa umri, kwa shinikizo na kwa pumzi, na atatoka na 13, yaani "wastani", huku anadai maandazi. Katika kipimo cha Glasgow, sehemu ya kusema hubadilishwa kwa watoto wadogo, ili kulia na kubembelezeka kuhesabiwe mahali pa maneno. Ukimfikisha hospitali, mwambie daktari kile ambacho alama hazikijui: kama analia kama kawaida yake, kama anakutambua, na kama ametapika tangu aanguke.