Kutafuta Kiki Nusu Saa: Maswali na Majibu kwa Watengeneza Biti

Walioandika safari hii wana kilio kimoja kwa sauti tofauti: sampuli, yaani vipande vya sauti vya kujengea biti kama kiki (ile ngoma nzito ya chini), wanazo, kuzipata ndiyo kazi. Nimejibu sita.

Shikamoo kaka. Nina sampuli kama elfu arobaini, nyingi bado zimo kwenye folda ya vipakuliwa. Nikikaa kutengeneza biti, nusu saa inaishia kwenye kusikiliza kiki. Nianzie wapi kuzipanga?

Marahaba. Anza kwa kutozipanga. Ukijifungia wikendi nzima na hizo elfu arobaini, utafika elfu mbili, utachoka, na utabaki na vurugu mbili: ile ya zamani na hii uliyoiacha njiani.

Fungua folda moja kuu, iite Sauti. Ndani yake weka mbili tu. Ya kwanza ni Paki: kila paki (furushi la sampuli) ikae humo kama ilivyokuja, na majina yake na faili lake la leseni, usiguse kitu. Ya pili iite Mkononi. Humo tengeneza Kiki, Sneya, Makofi, Haihati, Ngoma za Mkono, Besi, Melodia, Sauti za Watu na Mazingira. Ukikutana na kiki iliyokufanya usimame, inakili uiweke Mkononi. Nimesema inakili, sijasema ihamishe. Sababu utaiona kwenye swali linalofuata.

Utaniambia kunakili kunamaliza nafasi. Haya, tupige hesabu. Sauti ya stereo ya biti 24 (hizi ni za kompyuta, si zile unazopiga) kwa Hz 44,100 inakula baiti 264,600 kila sekunde. Kiki ya nusu sekunde basi ni kilobaiti 132 hivi. Kiki mia tano za namna hiyo hazifiki megabaiti 70. Kinachojaza diski ni lupu ndefu (vipande vya muziki vinavyojirudia) na ala kubwa za kinanda, na hizo hatuzinakili.

Kila folda ya Mkononi iwekee kikomo. Mimi nimejiwekea hamsini: ya hamsini na moja ikitaka kuingia, moja itoke. Mwanzoni inauma. Lakini mashine ya E-mu SP-1200, iliyotoka mwaka 1987, ilibeba sampuli za jumla ya sekunde kumi hivi, na watu wakatoa albamu nzima humo. Sikio linalojua vitu hamsini vizuri hufanya kazi haraka kuliko sikio linalotangatanga kwenye elfu tatu.

Na unapochagua, usisikilize kiki peke yake. Acha biti izunguke, besi ikiwemo, ndipo ubadilishe kiki moja baada ya nyingine, zote kwa kiwango kimoja cha sauti. Ikiwa peke yake, kiki inayopiga kwa nguvu ndiyo hushinda kila mara, hata kama ndani ya wimbo itagombana na besi mpaka mwisho.

Nilihamishia folda yangu ya sampuli kwenye diski nyingine. Sasa kila projekti ninayofungua inalalamika kwamba faili hazionekani. Nimeharibu kazi zangu?

Hujaharibu, umehama bila kuaga. Kwenye programu nyingi za muziki, projekti haibebi sauti ndani yake, inabeba anwani. Kama iliandika D:\Sauti\Kiki\kavu_03.wav, itakwenda kugonga hapo hapo kila siku, na isipofunguliwa mlango itasema faili halipo. Sauti yenyewe iko salama kwenye makazi mapya.

Dawa ya haraka ni kurudisha folda mahali pake kwa jina lile lile. Kama ni diski ya nje kwenye Windows, mara nyingi kilichobadilika ni herufi ya diski tu: jana ilikuwa D, leo imekuwa F. Ingia Disk Management, irudishie herufi yake, funga programu, fungua tena. Ikishindikana, programu za muziki kama Live na Reaper zina dirisha la kutafuta faili zilizopotea. Ionyeshe folda mpya nayo itazisaka kwa majina. Ndiyo maana kubadilisha majina ya faili zilizokwisha kutumika ni hatari kuliko kuzihamisha.

Hapo nazungumza kwa kovu. Siku moja nilipandwa na ari ya lugha nikageuza folda ya "Snare" kuwa "Sneya". Neno moja tu. Kesho yake projekti ishirini na moja zikafunguka bila sneya, na mteja ameketi nyuma yangu anasubiri kusikia wimbo wake.

Ili yasikukute, kusanya sauti za wimbo ndani ya folda ya projekti mapema, usingoje umalize. Kwenye Live amri hiyo iko menyu ya File, inaitwa Collect All and Save. Kwenye FL Studio, hamisha kama Zipped loop package. Kwenye Reaper, ukihifadhi kwa jina jipya kuna kisanduku cha kunakili faili zote kwenye folda ya projekti, kiwekee alama. Kumbuka tu kwamba plagini (ala za ziada zinazofunguka ndani ya programu) zenye sampuli zake zenyewe, mfano Kontakt, haziguswi na amri ya Live. Hizo lazima maktaba zake zibaki pale zilipowekwa.

Majina ya faili niyaandikeje?

Kwa lupu, anza na kitu chenyewe, halafu tempo, halafu ki, yaani ngazi ya muziki: marimba_096_Am. Tempo iwe na tarakimu tatu, maana kompyuta inayopanga kwa herufi itaiweka 120 kabla ya 96. Kwa kiki na besi, noti yake ni muhimu kuliko sifa. "Kiki kali sana" haikusaidii lolote. "Kiki_kavu_F" inakuambia itakaa wapi chini ya besi yako.

Sauti ulizorekodi mwenyewe zipe jina siku hiyo hiyo. Faili linaloitwa Audio 0034 leo unalijua ni mlango wa bati ukifungwa. Baada ya miezi mitatu ni Audio 0034.

Tena usichimbe folda ndani ya folda ndani ya folda. Programu nyingi za Windows bado zinagoma njia ya faili ikizidi herufi 260, na baadhi ya paki huja na majina marefu kama hotuba.

Rafiki yangu alinipa lupu za MP3. Zikizunguka kuna kigugumizi kidogo kila zinaporudi mwanzo. Nizigeuze WAV?

Kuzigeuza peke yake hakutaponya. MP3 inapotengenezwa huongezewa ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni, na ukimya huo ndio kigugumizi chako. Ukiigeuza kuwa WAV unaweza kuubeba pamoja nao, na ubora uliotupwa haurudi. Fungua lupu, vuta karibu uone mawimbi, kata ukimya pande zote mbili mpaka urefu ulingane na baa kamili, kisha uhifadhi WAV. Lupu ya baa nne kwa tempo 120, mapigo manne kila baa, ni sekunde nane kamili; ikizidi, bado kuna mabaki ya kukata.

Kuna programu zinazojipangia sampuli zenyewe kwa kusikiliza. Zinafaa?

Zinafaa kwa ngoma kuliko kitu kingine. XO ya XLN Audio inazitandaza ngoma kama ramani, zinazofanana zikikaa jirani. Sononym hutafuta kwa kufanana. Live 12 nayo imekuja na lebo na utafutaji wa aina hiyo. Nazitumia kuchimba folda ya Paki ninapotafuta kitu kigeni.

Ila lebo unazoweka humo kwa kawaida hukaa kwenye hifadhidata ya programu, si ndani ya faili. Ukihama programu, unaziacha. Folda na majina hufunguka popote, kwa hiyo uamuzi mkubwa uuweke kwenye folda, lebo ziwe za ziada.

Sampuli nyingi nilipewa na watu, sijui zimetoka wapi. Nikitoa wimbo kutakuwa na shida?

Inaweza kuwepo. Zitenge leo kwenye folda yenye jina Asili Haijulikani, zitumie kujifunzia, usizitoe. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutogusa folda ya Paki: faili la leseni likitengana na sauti zake, huna tena cha kuonyesha.

Hata zile ulizonunua kihalali zina mtego. Leseni ya kawaida inakuruhusu kuitumia lupu kwenye wimbo wako, lakini haikufanyi mwenye lupu. Watu wengine wanayo ile ile. Ukisajili wimbo wenye lupu hiyo ikiwa mbichi kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua sauti ndani ya video, mfumo huo unaweza kudai video za wengine walioitumia kihalali, nao wakakulalamikia. YouTube inataka sauti inayosajiliwa iwe na haki zako peke yako. Kama lupu ndiyo uti wa mgongo wa wimbo, ikatekate, ibadili ki, panga noti upya, au toa wimbo bila kuuingiza Content ID. Msambazaji wako ana kisanduku cha hilo kwenye fomu ya kupakia. Kisome kabla ya kukiwekea alama.