Kabla hujailaumu programu: ramani ya gamba la kuona

Wadogo zangu mnaoanza kuchambua picha za MRI ya utendaji, ramani yangu ya kwanza ya V1 (eneo la kwanza la gamba la ubongo kupokea habari za macho; ramani huonyesha sehemu ipi yake inashughulikia upande upi wa tunachokitazama) ilitoka imezunguka kama digrii 50. Nilikuwa chumbani Kirumba, Mwanza, umeme umekatika, laptopu iko asilimia 9. Wiki nzima nililaumu programu. Kumbe sikuipa damu muda wake wa kufika.

Mashine haisomi seli, inasoma hali ya oksijeni kwenye damu, jambo aliloonyesha Seiji Ogawa mwaka 1990. Seli zikishtuka sasa hivi, mwitikio wa damu hufika kileleni sekunde 5 hivi baadaye. Kabari yenu ya vidrafti vyeusi na vyeupe, ile mnayomwonyesha mtu aliye kwenye skana, ikizunguka duara zima kwa sekunde 36, kila sekunde moja ni digrii 10. Pigeni hesabu wenyewe. Siku hizi nataka data za pande zote mbili, kufuata mshale wa saa na kinyume chake, ucheleweshaji ufutane.

La pili ni jicho, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Shuka Kirumba mwaloni usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Kazia taa moja, usibanduke. Zilizo kushoto kwake zinapokelewa na ubongo wa kulia. Iliyo chini yake, karibu na ufukwe, inaangukia ukingo wa juu wa mfereji wa kalkarini, ule mkunjo wa kisogoni ilimo V1. Na ile uliyoikazia, nukta tu, imetengewa eneo kubwa ajabu kule kisogoni. Sasa tupia jicho taa nyingine: kila kitu kimehama. Ndivyo anavyokuvurugia mtu aliyelala kwenye skana akachoka kutazama nukta ya katikati. Ibadilishe rangi mara kwa mara, naye abonyeze kitufe kila ikibadilika. Rekodi ya kitufe uisome kabla ya picha yoyote.

(Tatsuji Inouye, daktari wa Japani, alichora ramani hii mwaka 1909 kutokana na majeraha ya risasi ya askari. Sisi tuna kompyuta na bado tunalalamika.)

Mipaka ya V1 msiitafute kwenye ubongo uliokunjamana; utandazeni kwanza kwenye kompyuta. V1 inakutana na V2, eneo jirani yake, pale pembe ya kabari kwenye ramani inapofika mstari wa wima wa uwanja wa kuona kisha ikaanza kurudi ilikotoka. Mimi huuchora mpaka huo kwa penseli kwanza, halafu ndiyo nafungua kile programu ilichochora.