Chipu Nyingi za Mazabodi Zilikwenda Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimefungua kompyuta mbili za zamani. Mazabodi (bodi kuu) ya IBM PC imejaa chipu zenye namba kama 8259 na 8237. Ile nyingine, yenye prosesa ya 286, ina chipu chache tu za mraba, na namba zile hazionekani. Je, kazi za chipu hizo zilifutwa?

JIBU: Ndugu Msomaji, hazikufutwa, zimehamia ndani ya hizo za mraba. IBM ilipotoa PC mwezi Agosti 1981, ilitumia prosesa ya Intel 8088 na kuizungushia chipu zilizokwisha kuwa sokoni. Ile 8259 ilipokea wito wa kibodi na vifaa vingine, kisha ikaikatiza prosesa ili ivihudumie. 8237 ilihamisha data kati ya diski na kumbukumbu bila kuisumbua prosesa. Na 8253 ilipima muda. PC/AT, mrithi wake wa mwaka 1984 mwenye prosesa ya 286, ilikuwa na 8259 mbili na 8237 mbili, pamoja na saa ya Motorola inayotumia betri, MC146818.

Kwa kuwa chipu hizo ziliuzwa kwa yeyote, kuiga mashine ya IBM kuliwezekana, lakini mazabodi ilikuwa kubwa na ghali kuiunda. Hapo ndipo ilipoingia Chips and Technologies, kampuni ya California iliyoanzishwa na Gordon Campbell na Dado Banatao, mhandisi mzaliwa wa Ufilipino. Haikuwa na kiwanda. Ilisanifu chipu, wengine wakazitengeneza. Chipseti yake (seti ya chipu zinazofanya kazi pamoja) ya CS8220 ilikusanya sehemu kubwa ya saketi za AT katika chipu tano. Ikafuata chipseti ya NEAT, na ukiona namba 82C206 kwenye mazabodi yako, basi umezipata ulizozitafuta: ndani yake mna 8259 mbili, 8237 mbili, kipima muda cha 8254 (toleo la baadaye la 8253) na ile saa ya betri.

Jambo ambalo mimi huliona la ajabu zaidi ni uaminifu wa nakala hizo. Programu nyingi ziliziamuru chipu moja kwa moja, kwa hiyo msanifu aliyethubutu kurekebisha hata kasoro angeziharibu programu hizo. Kwa mfano, kila 8259 ina njia nane za kupokea wito, lakini ya pili ya AT huning'inia kwenye njia moja ya ile ya kwanza, hivyo vifaa hubaki na njia 15 badala ya 16, na chipseti zikaiga hivyo hivyo.

Tazama pia kijikopo cha bati kilichoandikwa 14.318 kwenye mazabodi ya PC. Hiyo ni megahezi (mamilioni ya mapigo kwa sekunde), mara nne ya mawimbi ya rangi ya televisheni za Marekani. Ikigawanywa kwa 3, prosesa hupata 4.77, ikigawanywa kwa 12, kipima muda hupata 1.193. AT ilibadili kasi ya prosesa, lakini kipima muda kikaachwa na 1.193 yake, na chipseti zilizofuata hazikuigusa.