Ukialikwa ndaki ya honazi Marekani, uliza haya kabla ya kushangilia

Ikifika mwezi wa tatu, vyuo vya Marekani vinapotoa majibu ya maombi, simu yangu huwa haipumziki. Mzazi wa Kinondoni au Mwanza, wakati mwingine kijana mwenyewe, ananitumia picha ya barua. Kapata nafasi katika chuo kikuu cha jimbo fulani, na chini kidogo kuna aya nyingine ya pongezi: amechaguliwa pia kuingia Honors College ya chuo hicho. Mama mdogo wangu alipoipata ya mwanawe alinipigia usiku ule ule. "Mwanangu, hii si ndiyo digrii ya daraja la kwanza? Sasa wanampaje kabla hajasoma?"

Swali lake lina mantiki. Vyuo vyetu vimekulia katika mfumo wa Uingereza. Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London tangu 1949, na Dar es Salaam ilipofungua milango mwaka 1961 ilianza kama ndaki chini ya London hiyo hiyo. Kwa mfumo huo, daraja hupewa mwishoni, baada ya jasho lote kukauka. Pale Mlimani ukimaliza na GPA ya 4.4 kati ya 5 au zaidi, una daraja la kwanza, basi. Wamarekani wamefanya jambo jingine. Ndani ya chuo kikuu chenye wanafunzi elfu thelathini au hamsini wametenga ndaki ndogo yenye mkuu wake, washauri wake, madarasa yake na mara nyingi bweni lake. Huko mtu anaingia siku ya kwanza, na anaweza kutolewa njiani alama zikishuka. Nitaiita ndaki ya honazi, maana hata wanafunzi wa Kiswahili wa huko hutamka hivyo hivyo.

Mimi nimepita humo, katika chuo cha umma, na ninachowaambia wote wanaonipigia ni kwamba barua hiyo ina thamani kulingana na semina na tasnifu zilizo nyuma yake. Bweni zuri, fulana, na haki ya kujiandikisha masomo kabla ya wengine ni vya kufurahia, lakini havistahili kuamua unakwenda wapi. Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, inabidi ujue ndaki hizi zilitoka wapi.

Mtu wa kuanza naye ni Frank Aydelotte, kijana wa Indiana aliyekwenda Oxford mwaka 1905 kwa ufadhili wa Rhodes. (Ndiyo, Cecil Rhodes yule yule, mkoloni wa migodi. Utajiri uliochimbwa kusini mwa Afrika umesomesha Wamarekani wengi sana.) Oxford ilikuwa na njia mbili: mwanafunzi wa kawaida aliyetafuta kufaulu tu, na mwanafunzi wa honazi aliyezama katika somo lake, akaandika insha kila wiki, akazitetea mbele ya mwalimu, na kutahiniwa mwishoni kwa yote aliyosoma. Aydelotte aliporudi Marekani alikuta kila mwanafunzi anakwenda kwa mwendo mmoja, darasa moja, mtihani mmoja, na mwenye uwezo zaidi anasubiri wenzake wafike. Mwaka 1921 akawa rais wa Swarthmore, chuo kidogo karibu na Philadelphia kilichoanzishwa na Wakristo wa Quaker, dhehebu ambalo wasomaji wangu wa Kaimosi na Vihiga wanalijua vizuri kwa jina la Friends. Mwaka uliofuata akaanzisha mpango wake wa honazi.

Mpango wenyewe ulikuwa mkali. Katika miaka miwili ya mwisho mwanafunzi aliachana na mihadhara ya kawaida, akakaa kwenye semina za watu wachache, akaandika makala na kuyasoma mbele ya wenzake. Hakupewa alama za kila somo. Mwisho wa yote walikuja watahini kutoka vyuo vingine, wakamtahini kwa maandishi na kwa mdomo. Watahini wa nje sisi tunawajua, hata vyuo vyetu huwaita kila mwaka kupitia mitihani, lakini kwa Marekani hilo lilikuwa jambo geni, na Swarthmore wanaliendeleza hadi leo. Nalipenda kwa sababu linambadilisha mwalimu. Yule anayekufundisha anaacha kuwa hakimu wako. Yeye na wewe mko upande mmoja, mnamwandalia mgeni.

Swarthmore, hata hivyo, ni chuo binafsi cha watu wachache. Ndaki za honazi kama tunazoziona leo ni mtoto wa vyuo vya umma, na zilizaliwa kwa msukumo wa aina nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, sheria ya 1944 ya kusomesha wanajeshi waliorudi nyumbani ilijaza vyuo vya majimbo. Madarasa yakawa kumbi za watu mamia. Mwaka 1957, kwa juhudi za Joseph Cohen wa Chuo Kikuu cha Colorado na kwa fedha za shirika la ufadhili la Carnegie, ikaundwa kamati ya vyuo iliyojishughulisha na mwanafunzi mwenye uwezo mkubwa. Mwezi wa kumi wa mwaka huo huo Warusi wakarusha Sputnik angani, na ghafla kila mwanasiasa wa Marekani akawa na uchungu na wanafunzi wenye vipaji. Michigan State ilikuwa imekwisha kufungua ndaki yake mwaka 1956, na Oregon ikafuata mwaka 1960. Kamati ya Cohen ilipokwisha muda wake, mwaka 1966 likazaliwa baraza la kitaifa la honazi ambalo lipo mpaka sasa.

Halafu wakaja matajiri. William Schreyer, aliyewahi kuongoza kampuni ya fedha ya Merrill Lynch, pamoja na mkewe Joan, walitoa dola milioni 30 kwa Penn State mwaka 1997. Mwaka 2000 Craig Barrett wa Intel na mkewe Barbara wakatoa milioni 10 kwa ndaki ya Arizona State. Mwaka 2002 familia ya Walton, wenye Walmart, iliipa Chuo Kikuu cha Arkansas dola milioni 300, na milioni 200 kati ya hizo zikaelekezwa kwenye ndaki ya honazi. Fedha za namna hiyo hazitolewi kwa mapenzi ya semina peke yake. Majimbo yalikuwa yakipoteza wanafunzi wao bora kwenda Harvard na Stanford, na ndaki ya honazi ikawa chambo cha kuwabakiza nyumbani. Mtoto mmoja mwenye alama kubwa hupandisha wastani wa chuo, na wastani ukipanda, chuo kinapendeza kwenye orodha za ubora.

Kwa hiyo ndaki hizi zina wazazi wawili: semina ya Oxford na ofisi ya kutafuta wanafunzi. Kila ndaki imemfuata mmoja zaidi ya mwingine, na kazi yako wewe uliyealikwa ni kujua hiyo yako imemfuata nani.

Namna ya kujua ni kuuliza maswali ambayo kipeperushi hakiyajibu. Muulize mshauri wa ndaki: semina za honazi hufundishwa na nani? Kama ni maprofesa wenye kazi ya kudumu, vizuri. Kama nyingi zinafundishwa na wanafunzi wa uzamivu, ujue umeshaanza kununua jina. Darasa lina watu wangapi? Semina yenye watu kumi na wanane ni semina, yenye arobaini ni darasa la kawaida lililobadilishwa jina. Je, tasnifu ni lazima? Na wangapi kati ya walioingia mwaka wa kwanza huimaliza? Hapo mshauri akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu lako.

Uliza pia kuhusu kile wanachokiita mkataba wa honazi. Ni utaratibu ambapo somo la kawaida linahesabiwa kuwa la honazi kwa kukubaliana na mwalimu ufanye kazi ya ziada. Mwalimu akiwa na moyo, unapata saa moja ya mazungumzo naye kila wiki mbili, na hiyo ni dhahabu. Mwalimu akiwa amechoka, unaandika kurasa kumi za ziada ambazo hatazisoma kwa makini. Nimepata za aina zote mbili. Ndaki inayotegemea mikataba kwa sehemu kubwa ya masomo yake haina semina za kutosha, na wanaosoma uhandisi ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ratiba yao haina nafasi ya kupumua.

Suala la fedha halihitaji maneno mengi. Mwaliko wa honazi si ufadhili. Baadhi ya ndaki huambatanisha ufadhili, nyingine hutoza ada ya ziada juu ya ada ya chuo. Mwenye viza ya mwanafunzi hapati mkopo wala ruzuku ya serikali ya Marekani, na kazi anayoruhusiwa wakati wa muhula ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa ishirini kwa wiki. Macaulay, ndaki ya honazi ya chuo kikuu cha umma cha jiji la New York, iliyoanza 2001, inasifiwa kwa kusomesha bila ada, lakini unafuu huo ni kwa wanaohesabiwa wakazi wa New York. Watoto wa ndugu zetu wanaoishi Bronx wakimbilie huko bila kufikiri mara mbili. Wewe unayetoka Morogoro ukiwa na ufadhili kamili wa chuo kisicho na ndaki ya honazi, na mwaliko wa honazi usio na senti mahali pengine, chukua ufadhili. Mama mdogo nilimwambia hivyo hivyo, akanuna siku mbili, kisha akakubali.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba mlango haufungwi siku ya kwanza. Ndaki nyingi hupokea maombi ya waliokwisha kumaliza muhula mmoja au mwaka, wakiangalia alama za chuoni. Kwa mwanafunzi wetu wa kidato cha sita hili lina maana kubwa, kwa sababu matokeo yetu hutoka mwezi wa saba, wakati dirisha la honazi lilifungwa tangu Novemba au Januari. Kama hukualikwa, usilie. Nenda, pata alama nzuri muhula wa kwanza, omba.

Ukishaingia, utakutana na kitu ambacho shule zetu hazikutuandaa nacho, nacho ni ukimya wako mwenyewe. Tumelelewa kunakili ubaoni na kusimama mwalimu anapoingia. Kwenye semina profesa anauliza swali halafu ananyamaza, na watoto wa umri wako wanamkatalia usoni, tena wakimwita kwa jina lake la kwanza. Sikuwahi kuweza hilo la jina. Nilimwita Profesa mpaka siku ya mahafali, na hakuna aliyenilaumu. Kilichonisaidia ni kwenda na swali moja lililoandikwa kwenye daftari na kulisema katika dakika kumi za mwanzo, kabla mazungumzo hayajapata kasi na woga haujapata nafasi. Baada ya hapo koo linafunguka lenyewe. Na ukiwa na la kusema kuhusu nyumbani, liseme kama hoja, usiliseme kama mwongoza watalii.

Tasnifu ndiyo sababu ya yote haya, kwa maoni yangu. Yangu ilihusu vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo mama zetu wanaviendesha kwa sanduku lenye kufuli na daftari. Msimamizi wangu hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Alikuwa bingwa wa historia ya vyama vya akiba vya wakulima wa Ujerumani, vile vya Friedrich Wilhelm Raiffeisen wa karne ya 19. Wenzangu waliniambia nitafute mwenye kuijua Tanzania. Ninashukuru sikuwasikiliza, kwa kuwa mtu yule aliniuliza vitu ambavyo mtu wa kwetu asingeuliza: kwa nini kufuli tatu? Nani anashika funguo? Mtu akifiwa kabla ya zamu yake, inakuwaje? Akanipa nisome kuhusu arisan ya Java, ambayo ni upatu wetu mtupu wenye jina jingine. Chagua msimamizi kwa jinsi anavyosoma rasimu zako. Mpelekee kurasa mbili mwaka wa pili, uone zinarudi na nini pembeni.

Anza mapema kuliko unavyodhani, hasa kama utahoji watu. Ndaki nyingi zina ruzuku ndogo za utafiti wa wanafunzi, na ruzuku hiyo inaweza kulipia tiketi ya kurudi nyumbani likizo ndefu, jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipoanza. Ila fedha haitoki bila idhini ya kamati ya maadili ya chuo, na kamati hiyo itataka kuona maswali yako yote, fomu ya ridhaa kwa Kiswahili na tafsiri yake, na maelezo ya utakavyoficha majina. Ukitoka kwao, uliza COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kuhusu kibali cha utafiti, na kama unakwenda Unguja au Pemba, uliza Zanzibar kwa utaratibu wao, ambao ni wa peke yake. Kama unataka kuwa kijijini Juni, karatasi za kamati ziwe zimekwenda kabla ya likizo ya Krismasi.