Kete zikiwa bado mkononi

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ni lini mara ya mwisho ulicheza kutwa nzima, na ulicheza nini?" Kwangu ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa sita, hapa Mtwara, maeneo ya Shangani. Nilicheza bao. Nilifungwa mara tano, na sijapata siku nyingine mwaka huu iliyonifurahisha kama ile.

Vijana wanne walikodi ukumbi mdogo, wakapanga meza, wakatangaza kwamba mwenye mchezo aje nao. Wazo walilitoa kwa Gen Con, mkusanyiko wa wachezaji alioanzisha Gary Gygax mwaka 1968 katika mji wa Lake Geneva, Marekani, mkusanyiko ambao watu hushinda kutwa wakihama meza hii kwenda ile. Nilifika saa tatu asubuhi. Kulikuwa na drafti ya vizibo vya soda, dhumna, karata, boksi moja la mchezo wa Catan, na karibu na dirisha, mabao mawili ya mninga.

Bao nalijua tangu utotoni, ila lile la kujifunza: kete mbili mbili katika mashimo yote 32, kisha mnaanza kulana. Marehemu babu yangu wa Mikindani alinifikisha hapo, akafariki. Bao lenyewe la kunamua, yaani la kuingiza kete za mkononi moja moja, nililitazama kwa mbali tu, maana barazani hukaa wanaume, na sisi wasichana tulifika kuleta kahawa tukaondoka. Kwa hiyo nilipomwona mzee amekaa peke yake mbele ya bao, nilisita kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa tunamue."

Hakuniuliza kama najua. Alipanga kete sita kwenye nyumba yangu, lile shimo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, kisha akanisukumia zile 22 za mkononi. Zilikuwa mbegu za komwe, za kijivu, zimelainika kwa kushikwa. Yeye zake alizikumbatia kwenye kiganja cha kushoto, na kila zamu kidole gumba kilisukuma moja tu, bila macho yake kuondoka kwenye bao. Anaposambaza unasikia tk, tk, tk, kwa mwendo uleule, awe anakula au analala, yaani zamu yake inaishia hapo.

Bao la tatu ndilo ninaloliota mpaka leo. Nyumba yangu ilikuwa imenona. Nikala, nikasambaza, na kete ya mwisho ikaangukia humo humo nyumbani. Hapo una hiari: ulale, au usafiri, yaani uzoe kete zote za nyumba uendelee nazo. Nikaona raha ya kushika kete nyingi, nikasafiri. Zilizunguka zikaishia safu ya nyuma, kwenye shimo tupu. Safu yangu ya mbele ikabaki na vijikete vya kuhesabika. Mzee alinamua mara mbili tu, akazikomba zote. Nilifungwa mkononi, huku kete za kunamulia bado ninazo.

Hakucheka wala hakunipa pole. Alirudisha kete zote pale zilipokuwa kabla sijasafiri, zote, kwa kumbukumbu tu, akasema, "Sasa lala." Tukacheza upya kutoka hapo. Nikafungwa tena, lakini safari hii tulifika kwenye mtaji, pale kete za mkononi zinapokwisha, na jasho lilimtoka.

Hicho ndicho ninachotaka kusema kwa wanaodhani michezo hii ni ya kupotezea muda. Nimefundisha darasani miaka kumi na moja, na sijaona namna nzuri kuliko ile ya kumrudisha mtu hasa pale alipokosea na kumwacha apite tena kwa miguu yake. Mzee asiyenijua alinipa saa nne za namna hiyo. Simu yangu ingenionyesha nimeshindwa, basi.

Mchana tulikula mihogo na samaki wa kukaanga, kisha vijana wakamwita mzee kwenye Catan, mchezo wa Kijerumani wa mwaka 1995 ambao wachezaji hubadilishana mbao, matofali, sufu, ngano na mawe ya madini ili wajenge. Alielewa haraka. Alishikilia ngano yake mpaka wote watatu wakaihitaji, ndipo akaanza kusikiliza bei. Kijana mmoja akasema ndivyo mkulima wa korosho anavyopaswa kusubiri mnada. Mzee ana mikorosho Newala. Alitikisa kichwa polepole, akasema kusubiri kunataka uwe na chakula ndani. Meza nzima ilinyamaza, na mchezo ukasimama karibu nusu saa watu wakizungumza korosho. Sikumbuki nani alishinda.

Tangu siku ile nimechimba mabao matatu mchangani nyuma ya nyumba. Watoto wa mtaani huja Jumamosi, wa kike na wa kiume, na siwaanzishi na la kujifunza. Tunanamua moja kwa moja, na akikosea tunarudisha. Tunatumia kokoto kwa sasa. Komwe huota vichakani ufukweni, na nahitaji 192 zilizokomaa. Msomaji wa Lindi au Mikindani anayepita pwani na kuziona, naomba aniokotee.