Kununua deni ili uichukue kampuni: niliyoyaona kitengo cha mikopo chechefu

Mkuu, umeuliza kama ule mchezo wa Marekani, wa kununua madeni ya kampuni inayozama kwa bei ya kutupa kisha ukaibuka mmiliki, bado unalipa. Nilikaa miaka tisa kitengo cha mikopo chechefu, ile iliyokwama kulipwa, kwenye benki moja hapa Dar, kwa hiyo nimeuona kwa udogo wake. Wa huko naufuatilia kama wengine wanavyofuatilia ligi.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kampuni ina thamani ya 100. Mdai wa kwanza, mwenye dhamana, anadai 60. Anayemfuata anadai 80. Wa kwanza anamaliziwa chake. Wa pili kabakiziwa 40, haitoshi, basi deni lake linageuzwa hisa na kampuni inakuwa yake. Wenye hisa wa zamani wanatoka mikono mitupu. Kwa hiyo mjanja hagusi hisa. Analivizia deni la 80 wakati wenyewe wameshakata tamaa, analichukua kwa 20.

Eddie Lampert, mwekezaji wa Marekani, aliyapata maduka ya Kmart hivyo. Kmart ilikimbilia mahakamani kwa kufilisika Januari 2002, ikatoka Mei 2003 yeye akiwa mwenye usemi. Mwaka 2005 akaiunganisha na Sears, maduka mengine ya huko, na Oktoba 2018 Sears nayo ikafilisika. Kwa majirani zetu, mwaka 2017 benki za Kenya ziligeuziwa deni lao kuwa asilimia 38.1 ya hisa za Kenya Airways, ila zile hazikuwa zikitafuta ndege, zilikuwa zikitafuta fedha zao.

Kesi ninayoipenda ni ya Fisker, watengeneza magari ya umeme. Serikali ya Marekani ilikuwa inawadai kama dola milioni 168. Mwaka 2013 ikaliuza deni hilo kwa wawekezaji wa Hybrid Tech kwa milioni 25 tu. Sheria ya kule humruhusu mwenye dhamana kuingia mnadani akaweka deni lake badala ya fedha taslimu, tena kwa kawaida kwa kiasi chote kilichoandikwa. Sasa mtu anakuja na karatasi ya 168 aliyoipata kwa 25, nani atahangaika kupandisha bei? Januari 2014 jaji wa jimbo la Delaware akawaambia Hybrid Tech: hapa karatasi yenu itahesabiwa 25. Mnada ukachangamka, Wanxiang ya China ikaondoka na kampuni kwa milioni 149.

Siku hizi anayekuumiza ni mdai mwenzako. Serta, kampuni ya magodoro, mwaka 2020 ilielewana na wakopeshaji wenye kura nyingi. Wakaipa mkopo mpya na madeni yao ya zamani yakapandishwa mbele kwenye foleni ya kulipwa, wenzao waliokuwa nao safu moja wakajikuta nyuma. Tarehe 31 Desemba 2024 ndipo mahakama ya rufaa ikaja kusema mkataba haukuruhusu mpango ule. Miaka minne na ushee! Mwenye mfuko mkubwa anaweza kusubiri. Wewe mwenye vijisenti utakuwa umeshauza kwa hasara. Kwa hiyo jibu langu: unalipa, kwa mwenye kura nyingi na wanasheria wa kutosha. Wengine ni wasindikizaji.

Niliyoyashuhudia mwenyewe ni madogo. Tulikuwa na mkopo wa kiwanda cha kukamua alizeti Singida, haujalipwa muda mrefu. Akaja mfanyabiashara mmoja, akalinunua deni pamoja na rehani yake kwa chini ya nusu. Sisi tulishangilia, kitabu kimesafishika. Mwenye kiwanda akakimbilia mahakamani kuomba zuio, mwaka na miezi ukaenda. Zuio lilipoondolewa, wafanyakazi wakadai mishahara, na kodi za nyuma nazo zikamsubiri getini. Yote hayo alikuwa ameyapigia hesabu, alikuwa mtu makini. Ambacho hakukijua, na sisi hatukukijua kwa sababu ripoti ya tathmini kwenye faili letu ilikuwa ya miaka miwili nyuma (na aliyepaswa kudai mpya ni mimi), ni kwamba mota zilikuwa zimeng'olewa usiku, moja baada ya nyingine. Alifungua geti akakuta misingi ya zege na boliti zimechomoza.

Mpaka naacha kazi, pale kiwandani palikuwa ghala la mbolea.