Umelipa nauli ya chini, sawa. Bado una haki ya kuambiwa ukweli

Mkuu, umeuliza kama abiria wa ndege za bei nafuu ana haki ya kulalamika, na wengi hapa wamekujibu "rahisi ni ghali, vumilia". Nimefanya kazi miaka kadhaa kaunta ya kupokea abiria uwanja wa Dar, nikihudumia shirika la aina hiyo. Jibu hilo silikubali.

Kwanza tuelewane kuhusu bei. Shirika la bei nafuu la Fastjet walipoanza Novemba 2012 kuruka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, tiketi za kuanzia zilikuwa Sh 32,000, kodi na ada pembeni. Ili nauli ishuke hivyo, shirika linatumia aina moja ya ndege, linabananisha viti, na ndege ikitua inakaa muda mfupi tu, inapakia na kuondoka. Begi kubwa, chakula, kuchagua kiti, vyote unalipia. Hapo abiria anayegomba kwa sababu ya kilo zilizozidi simuungi mkono, masharti aliyakubali aliponunua tiketi. Na kaunta ikifungwa imefungwa. Rubani anasubiri hesabu ya watu na uzito, dada wa kaunta hana roho mbaya.

Kasheshe huanza ratiba ikivurugika. Ndege iliyokwenda Mwanza asubuhi ndiyo hiyohiyo ya Kilimanjaro mchana na Mwanza tena jioni. Ikikwama mara moja, siku nzima imeharibika, na ya akiba hakuna.

Kuna siku ndege yetu ilikwama Kilimanjaro kwa hitilafu. Sisi tulijua tangu saa tisa alasiri kwamba mafundi wanasubiri kifaa. Skrini ikawa inaandika "imechelewa" tu. Akanijia mama mmoja aliyetoka Muhimbili na mtoto mwenye plasta mguu mzima, akasema: "Mwanangu, soda yenu siitaki. Niambie tu, nirudi Mbagala kwa mdogo wangu nikalale, au nisubiri?" Sikuwa na ruhusa ya kumjibu. Niliajiriwa na kampuni ya huduma za uwanjani, si shirika lenyewe, na mwenye kauli alikuwa ofisini mjini, simu hapokei. Safari ikafutwa saa nne usiku, mtoto keshalala sakafuni juu ya khanga.

Kumwambia yule mama ukweli saa tisa kungegharimu shilingi ngapi?

Ulaya hoja ya "nauli yako ndogo" ilifika mahakamani. Majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga Aprili 2010, abiria wa Ryanair, shirika la bei nafuu la Ireland, mwenye tiketi ya euro 98 alikwama Faro, Ureno. Alidai karibu euro 1,130 za chakula, malazi na usafiri. Shirika likataka gharama hizo ziwe na kikomo, mfano nauli yenyewe. Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikakataa: abiria aliyekwama lazima atunzwe, hata kama tiketi yake ilikuwa ya bei ya chini.

Kwa hiyo mkuu, lalamika, ila usimalizie hasira kwa aliye kaunta. Mwite meneja wa zamu, omba maandishi kwamba safari imefutwa na sababu yake, tunza risiti zote, kisha andikia shirika ukidai nauli yako na gharama ulizoingia. Wakikaa kimya, peleka malalamiko TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ukiwa na hizo karatasi.